Jioni ya Kutazama Ndege Bwawa la Igombe: Mwongozo Kamili, Kuanzia Alasiri Hadi Giza

Ukimuuliza mtu wa Tabora Igombe kuna nini, atakujibu kuna maji na samaki. Ni kweli. Lakini kuanzia saa kumi na nusu alasiri mpaka giza linapoingia, bwawa lile hubadilishana zamu mbele ya macho yako. Ndege wa mchana wanarudi kulala, wa usiku wanaamka kwenda kutafuta riziki, na kwa muda wa nusu saa hivi wote wako hewani kwa pamoja. Nimekaa ukingoni pale jioni nyingi, na kama kuna jambo moja ningependa ulishike kuliko mengine yote, ni hili: chagua mahali pamoja, kaa chini, na uwe umeshakaa kabla zamu haijaanza kubadilika. Anayezunguka bwawa zima anawaona ndege migongo tu, wakiondoka.

Haya ninayoyaeleza nimeyaandika kwa ajili ya Igombe, bwawa lililo kaskazini mwa mji wa Tabora, lakini Kazima nako, ambako ni karibu zaidi na mjini, unaweza kufuata hatua hizi hizi. Hata ukiwa na lambo dogo la kunyweshea ng'ombe kijijini kwenu, mengi yatakufaa.

Siku gani uende

Mvua za kwetu huanza Novemba hivi na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kila kipindi kina ndege wake. Mimi ningekushauri uanze Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Wakati huo maji yamepungua, ukingo umeacha tope pana lenye vijidudu, na wageni kutoka Ulaya na Asia wanaingia. Wengi wao ni vitwitwi, ndege wadogo wa miguu mirefu waliozaliana kaskazini ya mbali na sasa wanaikimbia baridi ya huko. Watakaa nasi mpaka Machi au Aprili, kisha warudi. Mbayuwayu wa Ulaya nao huwa ndani ya miezi hiyo hiyo.

Masika yakikolea na bwawa likajaa hadi kwenye nyasi, tope linamezwa na vitwitwi wanatawanyika. Usikate tamaa, maana hapo ndipo majani ya yungiyungi yanapotanda juu ya maji na wenyeji wengi wanapotaga. Juni hadi Agosti wageni hawapo, ila anga ni safi na wenyeji wanaonekana vizuri.

Siku yenye upepo mkali iache. Ndege hujibana kwenye matete, maji yanachafuka mawimbi, na mkono ulioshika darubini hautulii.

Kisha angalia saa ya jua kuzama, kwa sababu ratiba yako yote inaning'inia hapo. Tabora iko magharibi, kwa hiyo jua letu linazama karibu nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwezi wa tano na mwanzoni mwa Novemba linazama kama saa 12:40 jioni. Februari linapita saa 1:10 usiku. Mgeni kutoka pwani mara nyingi hukosea hapa: anafungasha vitu vyake akidhani jioni imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Jua likishazama, una kama dakika ishirini za mwanga wa kutosha, halafu giza linafunga. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama moja kwa moja, halisuisui.

Ukipata jioni ya mwezi mpevu, ni bora zaidi. Mwezi unachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, na ndege wa usiku huwa na pilikapilika zaidi kwenye mbalamwezi.

Darubini: soma hapa taratibu

Unaweza kwenda bila darubini na ukafurahi. Lakini kama una mpango wa kununua, au kuazima, elewa kwanza zile namba mbili zilizoandikwa juu yake, kwa sababu watu wengi hununua isiyofaa jioni.

Tuseme imeandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inavuta kitu karibu. Arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Sasa gawa 42 kwa 8: unapata 5.25. Hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni mwako. Mboni ya mtu mzima gizani hupanuka kufikia milimita tano hadi saba hivi, kwa hiyo darubini hii inakupa karibu mwanga wote ambao jicho linaweza kuupokea. Chukua sasa ile ndogo ya mfukoni, 10x25. Gawa: 2.5. Saa tisa mchana huoni tofauti. Saa moja kasoro dakika kumi jioni, mwenye 8x42 bado anaona mstari mweusi kwenye jicho la ndege, na mwenye 10x25 anaona kivuli.

Kwa hiyo kwa jioni tafuta 8x42 au 7x50. Usishawishiwe na namba kubwa ya kwanza. Darubini inayovuta mara ishirini inavuta pia mtetemo wa mkono wako mara ishirini.

Ukinunua ya mtumba, ijaribu kabla hujatoa hela. Elekeza kwenye nguzo ya umeme iliyo mbali. Ukiona nguzo mbili, au macho yanauma baada ya dakika moja, vioo vyake vimepishana. Iache hata kama bei ni ya kutupa. Ielekeze kwenye mwanga na uchungulie kwa upande wa mbele; ukiona utando kama buibui ndani, ni ukungu umeota kwenye kioo, na huo hauondoki kwa kupangusa.

Namna ya kuirekebisha iendane na macho yako, ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa: ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja. Tazama kitu kwa jicho la kushoto na zungusha gurudumu la katikati mpaka kionekane wazi. Kisha ziba cha kushoto, tazama kitu kile kile kwa jicho la kulia, na safari hii usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia. Kumbuka alama ya ile pete. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati peke yake.

Zoezi la mwisho, lifanyie nyumbani kwako kwenye mwembe. Mwone ndege kwa macho matupu, usimwachie, kisha inua darubini ije machoni bila kuinamisha kichwa. Anayeangalia darubini kwanza ndipo atafute ndege, atakuta tawi tupu. Fanya hivyo mara hamsini. Mwembe wenye kunguru unatosha.

Mavazi na vya kubeba

Vaa nguo za rangi ya udongo, kahawia au kijani kilichofifia, mikono mirefu na suruali ndefu, kwa sababu mbu huanza kazi saa ile ile unayoanza wewe, na malaria yetu si ya mzaha. Nguo nyeupe iache nyumbani. Na mavazi yenye mabakabaka kama ya jeshi usiyavae kabisa hata kama umeona watazamaji wa ndege wa ng'ambo wameyavaa. Hapa kwetu ni marufuku kwa raia, na ukingo wa bwawa la maji ya mji si mahali pa kwenda kujieleza.

Viatu viwe vya kufunika mguu. Usiingie majini pekupeku, hata kwa hatua mbili za kusogelea ndege, maana kwenye maji yaliyotuama ndipo kichocho kinapopatikana.

Kwenye begi weka daftari dogo, penseli mbili (kalamu ya wino hugoma karatasi ikipata unyevu), maji ya kunywa, tochi, dawa ya kupaka ya mbu, na kitu cha kukalia. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanafaa sana kwa safari hii: hayamwagiki, hayanuki, na hayapigi kelele kama mifuko ya nailoni. Marashi usijipake. Msitu wa miombo una mizinga mingi, na nyuki wa Tabora hawapendi mgeni anayenukia.

Kufika na kupiga hodi

Ondoka mjini mapema ili saa 10:15 uwe umefika. Kama unakwenda kwa bodaboda, elewaneni kabisa na dereva kuhusu kurudi: atakusubiri, au atakufuata saa ngapi, na mkutane wapi. Mwambie ukweli kwamba utatoka gizani. Usiende peke yako safari ya kwanza.

Bwawa ni miundombinu ya maji. Ukikuta mlinzi, anza naye. Mweleze unachokuja kufanya, mwonyeshe daftari na darubini, mruhusu achungulie. Kamera yako isielekee kwenye mitambo wala mahali pa kuchotea maji.

Kisha wasalimie wavuvi. "Mwadila" ya jioni inafungua mlango ambao "mambo vipi" haiufungui, hasa kwa wazee. Na uwaulize, kwa heshima, maswali mawili. La kwanza la usalama: "Mzee, huku kuna mamba au kiboko? Wanapenda kutokea upande upi?" Jibu utakalopewa lifuate bila ubishi. La pili: "Ndege wanalala wapi siku hizi?" Mvuvi anayetoka na mtumbwi kila alfajiri anajua mti gani umejaa kinyesi cheupe. Mzee mmoja pale alinionyesha kwa kidole kundi la miti mikavu ambayo mimi nilikuwa nikiipita kila safari, akasema, "Hawa wakirudi, ule mti unakuwa kama umechanua pamba." Jioni ile ile nilikaa kuitazama, na ikawa hivyo. Yangeyange walikuja mafungu kwa mafungu mpaka matawi hayakuonekana.

Wapi ukae

Hapa ndipo jioni yako inapofaulu au kuharibika.

Jua la jioni liko magharibi. Ukikaa ukingo wa mashariki ukatazama magharibi, kila ndege utakayemwona atakuwa kipande cheusi mbele ya maji yanayong'aa, na macho yatakuuma. Kaa upande wa magharibi, jua likupige mgongoni, na utazame mashariki. Mwanga ule wa dhahabu unawaangukia ndege moja kwa moja: unaona wekundu wa mguu, njano ya mdomo, hata tope lililoganda kwenye unyoya.

Usisimame juu ya tuta wala mahali palipoinuka, kwani kivuli cha mtu dhidi ya anga kinawatisha kuliko sauti yake. Tafuta kichaka au kichuguu cha kuegemea. Mbele yako pawepo vitu vitatu ukivipata kwa pamoja: maji wazi, ukingo wa tope au nyasi fupi, na miti mikavu iliyobaki majini. Kila kimoja kina ndege wake, na jicho lako litahama taratibu kutoka kimoja hadi kingine badala ya miguu yako.

Ukishakaa, usifanye kitu kwa robo saa. Ndege wametoka walipokuona ukija, na sasa wanapima kama utabaki mtu au utageuka gogo. Kama robo saa imepita na kitwitwi mmoja amerudi kwenye tope mbele yako, umekubaliwa.

Kuanzia saa 10:45: wajue waliopo

Anza na wakubwa wasiotaka haraka. Majina ya ndege kwa Kiswahili hubadilika kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo nitakuelezea sura pamoja na jina.

Juu ya mti mkavu mara nyingi utakuta weusi wawili wanaofanana. Mnandi ana mdomo wenye ncha iliyopinda kama ndoana. Mbizi ana shingo nyembamba ndefu kama nyoka na mdomo ulionyooka kama mkuki, na ndivyo anavyoutumia: anamchoma samaki. Wote wawili utawaona wamekaa na mabawa yamefunguliwa kama mtu aliyeanika kanzu. Sababu yake ni kwamba manyoya yao hulowa, tofauti na ya bata. Kulowa huko kunawasaidia kuzama, lakini wakitoka lazima wajikaushe. Mtazame mmoja kwa darubini kwa dakika tano nzima: tone linashuka kwenye ncha ya bawa, linaning'inia, linadondoka, anatikisa mkia, anageuka kidogo ili upande mwingine upate jua.

Mdiria mweupe na mweusi ndiye mwalimu bora kwa anayeanza, kwa sababu anafanya kazi yake hadharani. Anasimama hewani mita kadhaa juu ya maji, mabawa yanapiga haraka, mdomo umeelekea chini, kichwa kimetulia kana kwamba kimefungwa kwa uzi. Kisha anajiachia kama jiwe. Ukisikia "chubwi," tazama akirudi mtini: samaki anagongwa kwenye tawi, kushoto, kulia, kushoto, ndipo amezwe kichwa kwanza ili mapezi yasimkwame kooni. Hesabu mara anazojitupa na mara anazopata. Ni hesabu rahisi, na inakufundisha kukaza macho.

Juu ya majani ya yungiyungi, tafuta ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Vile vidole vinatawanya uzito wake. Kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, na jike huweza kuwa na madume kadhaa. Ukimwona mzazi ana miguu mingi inayoning'inia kifuani, usishangae: baba amewabeba watoto kwapani.

Fundichuma ni wa rangi ya udongo, kichwa kama nyundo. Wazee wengi hawapendi hata kumtaja, na kiota chake hakiguswi. Mimi nasema heshima hiyo imemlinda vizuri kuliko sheria. Kiota chenyewe ni jumba la vijiti lenye paa, kubwa hata kufikia mita moja na nusu, na mlango uliosiribwa tope. Ukikiona, tazama kwa mbali, usikisogelee.

Na kwazi, ambaye wengine humwita furukombe au tai mla samaki, utamsikia kabla hujamwona. Kichwa cheupe, kifua cheupe, tumbo jekundu la kahawia. Akiita anarusha kichwa nyuma, na mara nyingi mwenzake anaitikia kutoka mti wa pili.

Kama umeketi karibu na miombo, sikiliza pia nyuma yako. Kuna ndege mdogo wa nyasini ambaye wataalamu humwita Cisticola angusticauda, na katika vitabu vya Kiingereza amebeba jina la Tabora yetu. Miaka ya mwanzo ya 1880 Mjerumani Richard Böhm aliishi Kakoma, kusini mwa mji huu, akikusanya ndege. Akafariki Katanga mwaka 1884 akiwa hajatimiza miaka thelathini. Aina mojawapo ya keremkerem, Merops boehmi, ina jina lake. Nayaeleza haya kwa vijana wanaodhani elimu ya ndege ni ya mbugani Serengeti tu.

Watoto wakija na manati, usiwafukuze. Mwite mmoja, "Njoo dogo, shika hapa, tazama pale." Nimefanya hivyo mara kadhaa. Mtoto aliyemwona mdiria kwa karibu akimgonga samaki wake, manati inarudi mfukoni yenyewe, na safari ijayo ndiye anayekuonyesha viota.

Kuanzia saa 12: hesabu

Zamu inaanza kubadilika karibu saa moja kabla ya jua kuzama. Yangeyange, waliokuwa siku nzima wakifuata ng'ombe malishoni, wanarudi kwa makundi wakiruka chini chini juu ya maji. Kwarara wanapita wakipiga kelele zao za "haa-haa." Mnandi wanakuja kwa mstari. Wakati huu acha kutafuta ndege mmoja mmoja, hesabu.

Kuhesabu kundi linaloruka kunatisha mara ya kwanza, lakini kuna njia. Chagua alama isiyosogea, mti mkavu mmoja au ncha ya ng'ambo, na uhesabu wanaopita alama hiyo peke yake. Wakiwa wachache, mmoja mmoja. Wakiwa wengi, hesabu kumi wa kwanza kwa uangalifu, tazama kumi hao wamechukua nafasi gani angani, kisha bandika nafasi hiyo juu ya kundi lililobaki: kumi, ishirini, thelathini. Piga kijistari daftarini kwa kila kumi bila kuondoa macho juu. Maandishi yatakuwa mabaya na haidhuru. Kila robo saa andika muda na uchore mstari, ili ujue wengi walikuja saa ngapi.

Usifanye hesabu ya kubahatisha ukaiandika kama ya kweli. Kama ulihesabu, andika 140. Kama ulikisia, andika "kama 140." Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya daftari lako liaminike miaka mitano baadaye.

Na hesabu za namna hii zina maana. Maji ya Igombe huelekea magharibi kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000. Huko ndiko anakoishi korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu. Usitarajie kumwona Igombe, lakini ndege unaowahesabu wewe ni majirani zake wa bonde moja. Kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini duniani kote, na mtu aliyezoea kuhesabu kwenye bwawa la nyumbani ni msaada mkubwa.

Jua likigusa miti: geuka

Sasa fanya kinyume cha nilichokuambia mwanzo. Jua likiwa limebakiza vidole viwili juu ya miti, geuza kiti utazame magharibi. Rangi zimekwisha kazi. Kuanzia hapa unasoma maumbo, na maumbo yanasomeka vizuri mbele ya anga jekundu. Onyo moja: darubini isielekee kwenye jua lenyewe hata sekunde moja mpaka lizame lote. Inaunguza jicho, na jicho halina spea.

Tazama shingo. Kulastara, yule wa shingo na miguu mirefu anayesimama majini akivizia samaki, akiruka anakunja shingo yake kama herufi S. Korongo anainyoosha mbele. Kwarara anainyoosha pia, na mdomo wake umepinda chini kama mundu. Bata bukini wa Misri anaonekana mzito, na mabawa yana baka kubwa jeupe. Ukishika hayo manne tu, robo tatu ya vivuli vinavyopita utavitaja.

Halafu sikiliza mluzi. Bata wembamba, uso mweupe, shingo ndefu, wanaopiga mluzi wa sauti tatu wakiruka: hao ndio zamu ya usiku. Wakati yangeyange wanaingia kulala, hawa wanatoka kwenda kula. Dakika chache baadaye atatoka mateteni kulastara mfupi mnene, kijivu na mweusi, akitoa sauti moja nzito kama mtu aliyekatishwa usingizi: "kwok." Kwenye ukingo mkavu, ndege wa macho makubwa ya njano aliyekuwa amelala mchana kutwa kivulini ataanza kulia kwa sauti inayopanda kisha kufifia, wapo wanaomwita chekeamwezi.

Hapa weka darubini chini. Funga macho dakika mbili, uhesabu sauti badala ya ndege. Ukiwa na simu yenye programu ya Merlin, pakua mapema furushi la sauti za eneo letu ukiwa bado mjini, kisha irekodi ikusaidie kutambua. Ila usiwapigie ndege sauti za wenzao ili waje. Ndege anayetaga akidhani amevamiwa anaacha kiota kumfukuza adui asiyekuwepo, na mayai yanapoa.

Njia ya kurudi

Kusanya takataka zako zote, washa tochi ikiangalia chini, na uage wavuvi waliobaki.

Mwambie dereva aendeshe polepole kwenye barabara ya vumbi. Jina la kirukanjia linajieleza lenyewe: hukaa chini katikati ya njia, rangi yake kama majani makavu, na kinachomtambulisha ni jicho linalong'aa jekundu kwenye taa ya pikipiki. Simameni mbali kidogo, taa imeshushwa, umtazame. Kuanzia Septemba hivi, kwenye miombo, yupo mmoja ambaye dume lake huota unyoya mrefu kwenye kila bawa, mrefu kuliko mwili wake wote, unaopepea nyuma yake kama utepe. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ndege anafukuzwa na popo wawili.

Daftari, usiku huo huo

Nakili kabla hujaoga wala kula. Andika tarehe, mahali ulipokaa, saa uliyofika na kuondoka, upepo, mawingu, maji yamefika wapi (nami hupima kwa gogo moja ninalolijua), kisha kila ndege na idadi yake. Usiyemtambua mwandikie sura: ukubwa ukilinganisha na njiwa au kuku, rangi ya mguu, mdomo, alikuwa anafanya nini. Chora hata kama mchoro ni mbaya. Mshale unaoonyesha "hapa palikuwa peupe" unashinda aya nzima.

Ukipata intaneti, ingiza orodha yako kwenye eBird, tovuti ya kuhifadhi orodha za ndege, ambako ni bure, na uchague mahali sahihi kwenye ramani. Weka na wale wa kawaida, kunguru, njiwa na yangeyange, pamoja na namba zao. Halafu rudi bwawani baada ya wiki mbili, ukae pale pale.